Bamba la Skrubu Nne

Kwenye besi nyingi za umeme za zamani, pale shingo inapoungana na kiwiliwili, kwa nyuma, kuna bamba dogo la chuma linaloenea kwenye kiganja. Limeshikiliwa na skrubu nne, na juu yake imepigwa namba. Bamba moja la namna hiyo ndilo lililonifanya niandike ripoti, na kwa ripoti hiyo mzee mmoja wa Butiama akaitwa mwizi. Ripoti ilikuwa na mwandiko mzuri. Haikuwa na kosa hata moja la tahajia. Haikuwa kweli.

Sasa nina miaka ishirini na sita. Wakati ule nilikuwa na ishirini na miwili, naishi na mama Buhare, na mjini Musoma nilikuwa na meza ya kutengeneza redio kwenye baraza la duka la mtu. Ufundi sikufundishwa na yeyote. Nilijifunza kwa kuiharibu redio ya marehemu baba, kuitengeneza, na kuiharibu tena. Nina ugonjwa mmoja nisioujua jina: nikiandika ukurasa nikakosea herufi moja, siwezi kufuta. Nauchana ukurasa wote, naanza upya. Mama alikuwa akiziokota karatasi zangu na kuwashia moto.

"Daftari zako zinaivisha ugali kuliko kuni," alikuwa akisema.

Magitaa yalinijia kwa njia ya kanisa. Padri mmoja wa Nyegina aliniletea gitaa la umeme la kwaya ambalo lilikuwa linanguruma badala ya kulia. Nilipolegeza skrubu na kuitoa shingo, nilikuta ndani ya kiungo, mahali ambapo mpigaji hawezi kupaona, mwandiko wa penseli: tarehe, na herufi mbili za jina la mtu aliyeliunda, huko alikokuwa, kabla mimi sijazaliwa. Nilikaa chini sakafuni nikiwa na shingo ile mapajani. Padri aliona nilivyoshikwa. Alinipa kitabu kikuukuu cha picha za magitaa kilichokuja kwenye katoni la misaada. Kilikuwa cha Kiingereza, na mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo nilikisoma na kamusi kwa miezi sita, neno kwa neno, mpaka nikajua tofauti ya sumaku za mwaka huu na za mwaka ule.

Halafu nikaanza kuyatafuta. Ilikuwa miaka ya ruksa. Nilipokuwa mdogo tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Sasa maduka yalikuwa yamejaa redio kaseti kutoka Dubai, na mwenye baa hakuona sababu ya kulisha bendi ya watu tisa wakati kaseti moja inapiga mpaka asubuhi na haidai bia. Bendi zilikuwa zinakufa, na vyombo vyake vilikuwa vimetapakaa kila mahali. Bunda nililikuta gitaa la solo limetundikwa ukutani kwenye gesti, limechomekwa maua ya plastiki. Buhemba, kwenye kilabu cha wachimba dhahabu, nilikuta la ridhimu limepigiliwa msumari wa inchi nne. Niliyapata yote mawili kwa kubadilishana na redio nilizofufua, nikayaning'iniza chumbani kwangu.

"Wenzako wanaleta wakwe," mama alisema, "wewe unaleta mbao."

"Hizi siyo mbao, mama."

"Zinakula?"

"Hazili."

"Basi angalau hapo umetumia akili."

Kila gitaa lilipata kurasa mbili kwenye daftari: namba, tarehe ya penseli, rangi ya nyaya, kila mkwaruzo. Nilijiwekea sharti moja, kwamba sitaandika neno mpaka niwe nimetoa shingo na kutazama ndani. Bamba linabeba namba, lakini kilichoandikwa na mkono wa muundaji kiko ndani. Hilo nililijua. Nililijua kabla ya yote haya.

Siku moja karani mmoja alikuja kwenye meza yangu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono. Alikuwa anamfanyia kazi mfilisi wa kiwanda kimoja cha sabuni ambacho kilikuwa kinauzwa, kama viwanda vingi wakati ule. Kiwanda kile kilikuwa na bendi. Watu wazima wa Musoma wanakumbuka kwamba katika miaka ya shida kiwanda kilikosa mafuta ya kutengenezea sabuni, lakini bendi yake haikukosa kupiga hata Jumamosi moja.

"Wewe ndiye mtaalamu wa magitaa?" karani aliuliza.

Hakuna mtu aliyewahi kuniita mtaalamu wa kitu chochote. "Natengeneza redio," nilisema.

"Nimeambiwa unayajua magitaa mpaka koo zao."

Alinionyesha ukurasa wa kitabu cha vifaa vya kiwanda. Vyombo vya bendi vilikuwa vinne. Vitatu walikuwa wamevipata stoo. Besi haikuwepo, na namba yake ilikuwa imeandikwa pale. Alikuwa amesikia kwamba mpiga besi wa zamani wa bendi ile yuko Butiama, na kwamba anayo besi.

"Nenda ukaitazame. Ukiikuta namba hii, tuandikie. Tutakupa barua yenye muhuri."

Nilipaswa kuuliza watamfanya nini mzee wa watu. Nilichouliza ni kama naweza kuunakili ukurasa ule.

Nilifika Butiama juu ya lori la saruji, nguo zote nyeupe. Mzee alinicheka kabla hajanisalimia. Alikuwa mrefu, na ncha za vidole vyake vya kushoto zilikuwa ngumu kama kwato. Nilimwambia nakusanya habari za magitaa ya zamani, jambo ambalo lilikuwa kweli, na habari za karani sikuzitaja. Alinichukua mpaka chumbani kwake. Besi ilikuwa imelala kitandani, imefunikwa kanga. Alikuwa akiipiga kwenye kwaya ya kanisa, kwa amplifaya aliyoiunganisha na betri ya gari.

"Hii nimenunua mwenyewe, mura," alisema, akiniita kijana kwa lugha ya kwao. "Nilienda Sirari, mpakani, na ng'ombe wawili nikarudi na hii."

"Wawili na mtamba," mke wake alisema kutoka mlangoni.

"Wawili."

"Na mtamba. Nilikuwepo."

"Haya, na mtamba. Halafu ukaja ule msako wa wahujumu uchumi. Mtu akikutwa na kitu cha ng'ambo hana risiti, basi tena. Watu walikuwa wanatupa vitenge ziwani. Mimi risiti ya ng'ombe nitaitoa wapi? Nikaizika kwenye ghala, ndani ya ulezi."

"Mvua nzima," mke alisema. "Ghala linavuja, hatuthubutu kufungua. Tulikuwa tunakulaga udaga mtupu, muhogo kila siku, kwa ajili ya gitaa."

Mzee alicheka, akaendelea. Alianza kueleza jinsi besi ya kiwanda ilivyokuja kuvunjika, na lori, na barabara ya Bunda. Lakini mimi nilikuwa nimeigeuza besi kifudifudi, na nilikuwa nalitazama bamba. Namba ilikuwa ile ile. Tarakimu zote tano. Nilihisi furaha ambayo naona aibu kuisimulia: masikio yalipata moto, na sauti ya mzee nikawa naisikia kama redio ya jirani.

"Naomba nitoe shingo," nilisema.

"Hapana, mwanangu. Hizo nyuzi mbili nene ni waya wa breki ya baiskeli. Nikizilegeza zitakatika, na Jumapili nina misa."

Siku nyingine yoyote ningemsumbua mpaka akubali. Siku ile nilisema, "Haya, baba." Namba nilikuwa nayo. Niliona pia kwamba bamba na skrubu zake nne vilikuwa safi, wakati vyuma vingine vyote vya besi ile vilikuwa na kutu. Niliona. Sitaki mtu anisaidie kwa kusema labda sikuona.

Mke wake alinifungia kilo mbili za ulezi nimpelekee mama. Niliandika ripoti kesho yake nikinywa uji wa ulezi ule. Niliirudia mara nne kwa ajili ya wino, na ya tano ilitoka bila doa. Niliandika kwamba besi iliyoko Butiama ndiyo besi ya kiwanda.

Waliifuata wiki mbili baadaye. Sikuwepo, lakini habari ilifika Musoma mapema kuliko gari lenyewe. Walimkuta Jumamosi mchana kwenye mazoezi ya kwaya, wakaichukua mikononi mwake mbele ya sauti zote nne. Inasemekana hakugombana nao. Alisema tu, "Muulizeni yule kijana, nilimweleza yote." Na wao wakamjibu kwamba ni yule kijana aliyewatuma.

Baada ya hapo mzee aliacha kwaya. Nilisikia mpiga tumba wa ile bendi ya zamani akiwaambia watu sokoni, "Nilikuwaga najua. Wapiga besi wanakaaga kimya, kumbe wanahesabu vyombo." Watu walicheka. Nami nilicheka kidogo, kisha nikarudi kwenye meza yangu na kujiambia namba haiwezi kudanganya. Nilijiambia hivyo kwa miezi mitatu, kila siku, na mtu mwenye hakika hana haja ya kujiambia kitu kila siku.

Katika mwezi wa nne tangu hapo nilikwenda Bunda kutafuta sumaku ya gitaa langu la solo. Nilielekezwa kwa fundi mmoja wa kaseti. Katika maongezi nikagundua kwamba ndiye aliyekuwa fundi mitambo wa bendi ya kiwanda. Nilifurahi. Nilitaka anisifu.

"Besi yenu ilipatikana," nilimwambia.

"Besi ipi?"

"Ya kiwanda. Ilikuwa Butiama."

Hakuinua macho kwenye kazi yake. "Besi ya kiwanda ilikufa, bwana mdogo. Ilianguka kutoka kwenye lori hapo njiani tukitoka Mwanza, gurudumu la nyuma likaimaliza."

"Namba ni ile ile. Nimeiona mwenyewe."

"Namba ya wapi?"

"Ya bamba."

Hapo aliiweka chini pasi ya kulehemu. "Bamba lile nimelifunga mimi," alisema. "Wewe ndiye uliyemripoti mzee wa watu?"

Hakusubiri jibu. Alinieleza kwamba besi ya kiwanda ilipovunjika haikupatikana nyingine, maana nchi ilikuwa haina fedha za kigeni za kuagiza hata betri. Mpiga besi akaitoa yake ghalani. Ilikuwa imekula unyevu, bamba na skrubu vimeoza kwa kutu, shingo inacheza. Fundi akavitoa vile vya besi iliyokufa akavifunga kwenye ile ya mzee. Kwa miaka yote iliyobaki, kiwanda ndicho kilichokuwa kinapigiwa muziki kwa besi ya mtu.

"Mbona haikuandikwa popote?"

"Iandikwe na nani? Miaka ile tulikuwa tunafunga viatu kwa waya wa spika. Ningeandika kila skrubu niliyohamisha ningejaza kabati. Shingo uliitoa?"

"Hapana."

"Ungeitoa ungekuta ulezi. Punje ziligandana na vanishi humo ndani kwenye kiungo. Nilizikwangua nikashindwa, nikafunga hivyo hivyo."

Kisha alinionyesha mlango wa duka lake. Komeo alilokuwa akilipitisha nyuma ya mlango lilikuwa shingo ya besi. Kwenye kichwa chake, kwa rangi nyeupe ya mafuta, zilikuwepo herufi za kiwanda cha sabuni. Besi niliyoandika kwamba imepatikana ilikuwa inalinda kaseti Bunda.

Alinipa shingo ile siku hiyo hiyo, akasema mlango ataufunga kwa kamba. "Nenda kwa huyo karani leo," alisema. "Usilale nayo."

Nililala nayo siku kumi na moja. Hili ndilo linalonisumbua kuliko ripoti yenyewe. Ripoti niliandika kwa kutojua, au kwa kutotaka kujua. Lakini siku zile kumi na moja nilikuwa najua kila kitu, na nilikuwa nimekaa nyumbani Buhare natafuta sentensi. Nilitaka barua ya kukiri ambayo itaeleza kosa bila kunifanya nionekane mjinga, isiyo na doa, ambayo karani akiisoma aseme kijana huyu bado ni mtaalamu. Niliandika mara tisa. Mama aliokota moja kabla haijaingia jikoni, akaisoma yote akiwa amesimama.

"Hii ina kosa gani?"

"Neno 'nilidhani' limerudiwa mara mbili."

Alinitazama. "Na yule mzee, wakati wewe unahesabu maneno, yeye anapiga nini kanisani?"

Kesho yake nilikwenda. Karani alikuwa anafunga mafaili kwa kamba. Vyombo vya bendi vilikuwa vimeuzwa juzi yake kwa mnada, vyote vinne kwa pamoja, na mnunuzi aliondoka navyo kwa lori. Hakuwa mtu wa Mara. Karani alifikiri alielekea Mwanza, au Shinyanga.

"Lakini siyo besi ya kiwanda," nilisema. Niliiweka shingo mezani. "Ya kiwanda ni hii."

"Namba ni namba."

"Namba ni ya bamba. Bamba lilihamishwa."

Alitoa ripoti yangu, akailaza kando ya barua yangu mpya. "Hii ina sahihi yako. Na hii ina sahihi yako. Nimwamini kijana yupi?" Hakuwa mkali. Alipiga muhuri wa kupokea kwenye nakala, akanirudishia, akaendelea kufunga mafaili.

Nilikwenda Butiama Ijumaa nikiwa na ile shingo, barua, na gitaa langu la solo, lile la Bunda, zuri kuliko yote niliyokuwa nayo. Mzee alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nilimweleza yote kwa mdomo, na nilipofika kwenye siku kumi na moja nilisita, kisha nikazitaja. Aliendelea kupukuchua. Nilipomaliza nilimsogezea gitaa.

"La solo hilo," alisema. "Mimi napigaga besi."

"Najua, baba. Ni kwa sasa tu, mpaka nita—"

"Barua unayo?"

"Ninayo."

"Waliichukua mbele ya kwaya. Utaisoma mbele ya kwaya. Jumapili."

Wakanilaza kwao siku mbili. Mke wake alinipikia samaki wa furu na ugali wa udaga na hakuniambia neno zaidi ya "ongeza".

Jumapili, wakati wa matangazo, katekista aliniita mbele. Mzee alikuwa amekaa benchi la mwisho kabisa. Nilianza kusoma. Nilipofika mstari wa tatu niliona nimeandika neno moja bila herufi yake ya mwisho, mimi, baada ya kurasa tisa, nikawa nasoma kwa chini.

"Sauti!" mama mmoja alipaza kutoka upande wa wanawake. "Hatusikii huku!"

"Aanze upya," mwingine akasema.

Nikaanza upya. Kwa hiyo walioketi upande ule walisikia mara mbili kwamba besi ilikuwa ya mzee, kwamba hakuiba kitu, na kwamba mimi niliitazama namba nikaacha kutazama ndani. Nilipofika kwenye ulezi uliogandana na vanishi, mtu alicheka, halafu wengi, kicheko cha watu wanaoukumbuka msako ule na mambo waliyoyaficha wao wenyewe maghalani. Mwalimu wa kwaya alishuka akaenda mpaka benchi la mwisho. Alimshika mzee mkono, akamvuta, naye mzee akakubali kwenda kusimama na sauti za chini. Mikono alikuwa ameiacha imening'inia, kama mtu asiyejua aiweke wapi.

Nje nilimpa ile shingo ya kiwanda. Aliigeuza, akazitazama zile herufi nyeupe, akapitisha kidole pale nyuzi zilipokuwa zikikaa.

"Hii ilikuwaga nzito," alisema. "Mkono ulikuwa unauma." Akanirudishia. "Mpelekee fundi komeo lake, asije akaibiwa."

Mke wake alikuwa amesimama kando ameshika kitabu cha nyimbo. "Amesoma vizuri," alimwambia mume wake, kana kwamba sipo. Kisha akanigeukia. "Sasa gitaa letu liko wapi?"

Nilisema sijui. Nilisema nitalitafuta.

Huu ni mwaka wa nne. Nimefika Mwanza mara sita na Shinyanga mara mbili, kwenye baa na kumbi ambazo mama hataki hata kuzisikia. Ule ukurasa wa Butiama sikuuchana. Nimeupiga mistari miwili na kuandika pembeni, kwa wino uliovuja, habari ilivyokuwa. Natembea na nyuzi mpya za besi mfukoni, kwa kuwa kila mwenye besi hukataa nizilegeze zake, naye nikimpa mpya hukosa sababu. Nalegeza, natoa skrubu nne, nainua shingo, nasogeza tochi. Nimekuta vumbi, mende, na penseli za watu nisiowajua. Ulezi bado.